Tumbo Dogo, Paka Wanene

Nakumbuka asubuhi ile paka walipoamua kunisindikiza kliniki. Nilitoka na Bibi mlangoni kwetu Kuze, Mji wa Kale, mkono mmoja umeshika buibui na wa pili umeshika tumbo, na kabla hatujafika pembeni mwa uchochoro walikuwa nyuma yangu: wa rangi ya chungwa, wa mabaka, na yule wa sikio moja, mikia imesimama wima. Hawakumfuata Bibi. Walinifuata mimi. Niliwatishia kwa kiatu, wakarudi nyuma kidogo, wakakaa, wakanitazama kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba utarudi tu.

Bi. Tima, jirani yetu wa mbele, alikuwa barazani akichambua mchele.

"Dija," akaniita, "hawa paka umewapa nini? Siku hizi wanenda kama masheikh waliotoka karamuni. Panya wapita mbele yao, hata kugeuka hawageuki!"

Bibi akacheka. Nami nikacheka, mwanangu, lakini kicheko changu kilikuwa kikavu kama mkate wa juzi. Nilijua vizuri walichokula paka wale. Walikula chakula cha mtoto wangu.

Nakuita mwanangu ingawa umri bado haujanipa haki hiyo sawasawa. Nywele zangu ni nyeusi na magoti hayajaanza kulalamika. Lakini juzi Zuhura, binti aliyeolewa si zamani akahamia ghorofa ya chini ya nyumba yetu, alinisimamisha kwenye ngazi. Tumbo lake limeanza kuonekana. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada Dija, ni kweli mtu akipunguza kula miezi ya mwisho, mtoto huwa mdogo, akazaliwa bila mama kupasuliwa?" Maswali ya namna hiyo, nyumbani kwetu, yalikuwa ya Bibi kujibu, na Bibi tumeshamzika. Basi nimekaa kuandika, nimjibu yeye na kila mwenye swali kama lake. Nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta, maana mimi ni mtu ambaye jambo lisipotoka sawa usingizi hauji. Leo nimeacha kufuta. Likufikie na kasoro zake.

Kazi yangu ni kuoka keki. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe kwa kutazama simu na kuunguza unga mwingi wa Bibi, na nilichokiona mapema ni kwamba keki haina huruma: ukikosea kipimo itakuaibisha mbele ya wageni wa watu. Nikanunua mizani ndogo ya jikoni, nikaipenda kuliko vyombo vyangu vyote. Nilipima unga, nikapima sukari, nikapima hata chumvi ambayo wenzangu hutupia kwa vidole. Na mtu aliyezoea kupima, mwanangu, hufika mahali akadhani hofu nayo yaweza kuwekwa kwenye mizani ikapunguzwa.

Niliolewa na Athman wa mtaa wa Tudor. Athman ni mtu wa kimo. Akiingia nyumba zetu za Mji wa Kale huinama mlangoni, na akisahau, sote tunasikia. Ndugu zake ndio hao hao. Mamake, Bi. Salma, hana hadithi aipendayo kama ya kuzaliwa kwa mwanawe. "Kilo nne na zaidi!" husema, akionyesha kwa mikono. "Mkunga aliponipa aliniuliza, huyu ushaanza kumlisha ugali humo ndani?" Wanawake hucheka, nami nilikuwa nikicheka nao, hadi siku niliyojua nina mimba. Tangu siku ile hadithi ile niliisikia kwa sikio jingine. Mimi ni mdogo wa mwili, mwanangu. Viatu vyangu vya arusi tulivipata duka la wanafunzi.

Aliyenimaliza ni wifi yangu, Maimuna. Alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, mtoto mkubwa wa kimo cha ukoo wao. Mtoto alikuwa salama na mama alikuwa salama, lakini kidonda kilichelewa kufunga, na mimi ndiye niliyekwenda kumsaidia kukisafisha. Nilijikaza mbele yake. Nikitoka nilikaa kwenye ngazi za ghorofa yao Tudor, nikiwa bado nakiona kidonda kile.

Kisha, katika chumba cha kupakana hina kwenye arusi ya watu, mama mmoja nisiyemjua vyema alinitazama tumbo akatikisa kichwa. "Umebeba uzao wa yale majitu ya Tudor? Basi sikiliza, ukifika miezi ya mwisho funga mdomo. Mtoto hula ulacho. Ukimpunguzia atatoka mdogo, ateleze kama sabuni." Wanawake wengine wakaitikia, huyu alifanya hivyo, yule dadake alifanya hivyo. Hakuna aliyebisha. Nami niliyaamini maneno yale upesi kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta.

Sasa ujue desturi mbili za kwetu, ndipo utaelewa nilivyokosea. Ya kwanza, mimba ya kwanza mwanamke huirudisha kwao, ajifungue mikononi mwa mamake. Mamangu alikwisha kufariki nikiwa ningali msichana, kwa hivyo nilirudi Kuze kwa Bibi, Bi. Zena, aliyenilea. Ya pili, mja mzito hanyimwi. Ukipika, na harufu ikapenya hadi dirishani kwake, sahani yake itoke kabla hujaonja. Basi habari ya tumbo langu ilipotanda mtaani, sahani zilianza kuja. Mbaazi za nazi kutoka kwa Bi. Tima. Samaki wa kupaka kutoka nyumba ya pembeni. Mkate wa mofa ungali wa moto. Mchicha, kunde, mayai, maziwa ya mgando. Kila sahani imefunikwa kitambaa safi, na kila moja ina salamu yake mlangoni: "Hodi! Dija ale kungali moto!"

Nilipokea. Nilishukuru. Niliombea mikono iliyopika. Kisha niliingia jikoni, nikafunga mlango, nikaweka bakuli tupu juu ya mizani ya keki, nikapima vijiko vichache vya wali na kipande cha samaki cha ukubwa wa kidole. Kilichobaki nilikimwaga kwa dirisha la nyuma, uchochoroni. Sahani niliiosha, nikaweka ndani yake vipande vya keki, maana sahani ya jirani hairudi tupu, nikairudisha kwa tabasamu. Paka walijifunza saa zangu za kula upesi kuliko nilivyojifunza mimi kuoka.

Nilikuwa na njaa, usidhani sikuwa nayo. Niliota mbaazi. Niliamka mikono baridi na kichwa chepesi. Na mtoto, aliyekuwa akinipiga mateke kila nikiinama kwenye joko la kuokea, akaanza kutulia. Nikajiambia, amerithi upole wa babake. Mtu akitaka kujidanganya, mwanangu, haishiwi na mashahidi.

Turudi asubuhi ile ya paka. Kliniki nesi alinilaza, akatandika utepe wake wa kupimia juu ya tumbo, kutoka chini hadi juu. Akatazama kadi yangu. Akapima tena, safari hii polepole, akiwa ameacha kuzungumza. Nilikitazama kidole chake kilichosimama kwenye utepe, nikajua.

"Mama," akaniuliza, "babake mtoto ni mtu wa mwili gani?"

Bibi akadakia kutoka kitini. "Babake ni mnazi. Lakini sisi kwetu, mwanangu, watoto wetu ni wadogo. Mamake huyu alizaliwa kama njiwa, ukimweka kwenye kitanga cha mkono abakisha nafasi. Ni damu yetu hiyo."

"Damu ina sehemu yake, Bibi, sikukatalii," nesi akasema. "Mama mdogo aweza kuzaa mtoto mdogo, na baba mkubwa aweza kumwongezea. Lakini mdogo wa damu hupanda tu, kidogo kidogo, kila nikimpima. Huyu alikuwa akipanda, na sasa amesimama. Udogo wake haunitishi. Kusimama kwake ndiko kunakonitisha." Akanigeukia. "Wala chakula vizuri?"

"Nala," nikasema.

"Wala nini?"

Nikamtajia sahani zote, moja baada ya moja, pamoja na majina ya waliozileta. Kila sahani niliyoitaja ilifika kweli. Sikumwambia zilikokwenda. Bibi alikuwa akiitikia kwa kichwa, shahidi wangu asiyejua anachokishuhudia.

Nikapelekwa kupigwa picha ya tumbo siku ile ile. Daktari alitazama kioo kwa muda mrefu, akaniambia bila kupamba: mtoto ni mdogo kuliko umri wake, nirudi baada ya wiki, na nikiona anacheza kidogo zaidi nisingoje wiki, nije hima. "Tukimwona haongezeki," akasema, "huenda tukaamua atolewe mapema. Na kwa ulivyo, huenda ikawa kwa kupasua."

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nilikuwa nimejinyima miezi ile yote nikikimbia kisu, na sasa nilikuwa nimekimbilia pale pale kilipo. Tuktuk iliturudisha nyumbani, Bibi akisoma dua kwa midomo bila sauti. Mimi nilikuwa nimeweka viganja vyangu viwili juu ya tumbo, nikingoja teke. Tulifika mlangoni bila kulipata.

Jioni, kabla ya magharibi, Bi. Salma akaja kutoka Tudor. Athman alimpa habari kwa simu, na yeye hakungoja chai. Alikuja na kapu: tende, mayai, maziwa, na sufuria ya biriani iliyofungwa kwa taulo. Alimwamkia Bibi kwa adabu zote, wakaulizana hali hadi hali zikaisha. Kisha akasema, "Bi. Zena, mimi sina ubaya nawe." Nawe wajua, mwanangu, mtu akianza hivyo kwetu, shika ukuta.

"Sema, mwanangu," Bibi akajibu.

"Huyu Dija yuwala kweli? Maana kwetu hatuzai vidole."

"Ala! Yuwala mtaa mzima. Toka hapo nje ukaulize. Ni damu, Bi. Salma. Mwana hutazama kisogo cha nina."

"Na kisogo cha baba je? Hakina haki?"

"Kina haki. Lakini baba hana mfuko wa kumbebea."

"Damu yetu haijawahi kushindwa na mtu!" Bi. Salma akasema, na nusu yake ilikuwa utani na nusu haikuwa. "Wanangu wote wametoka kama mimi na baba yao. Akiwa huyu mdogo, basi kuna jambo."

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka kati yao. Wote wawili walikuwa wakigombania damu, huyu akivuta kwake na yule akivuta kwake, na jawabu lilikuwa mdomoni mwangu, limelala chini ya ulimi. Ningesema neno moja wangenyamaza. Sikulisema. Niliogopa nyuso zao kuliko nilivyomwogopea mtoto, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

Bi. Salma akafungua sufuria, akanipakulia sahani iliyojaa, akaisukuma mbele yangu. "Kula nikuone."

Harufu ya biriani ile ilinipanda hadi machoni. Nikachota. Mkono ukasimama njiani.

Ndipo tukasikia kishindo kidogo jikoni. Paka wa sikio moja aliingia kwa dirisha la nyuma, akapita sebuleni kwa mwendo wa mwenye nyumba, akaipita sufuria, akampita Bi. Salma, akaja kukaa mbele yangu. Hakuitazama nyama. Aliutazama mkono wangu. Wa rangi ya chungwa akafuata, tumbo likikokota mkekani, akalia mara moja, kama anayesema, leo umechelewa.

"Astaghfirullah!" Bi. Salma akavuta miguu. "Paka gani hawa? Kama kwamba wamjua huyu!"

Bibi alilitazama tumbo la paka. Akautazama mkono wangu ulioshika chakula, kifundo chake kilivyotokeza mfupa. Akatazama mlango wa jikoni, ule ambao kwa wiki nyingi nimekuwa nikiufunga ninapokula. Niliona jambo likimfikia usoni, kama maji yanavyoingia kitambaani.

"Wamezoea," akamwambia Bi. Salma. "Mimi huwapa mifupa."

Bibi yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akidanganya hata bei ya samaki, alisema uongo ule kunisitiri. Akageuza maneno, akamtilia mgeni kahawa, akamsindikiza hadi mlangoni kwa dua na shukrani. Kisha akarudi, akaenda jikoni, nikasikia dirisha la nyuma likifungwa na komeo likitiwa.

Akaja kukaa mbele yangu.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuja, Bibi."

Nilitaraji anipigie kelele. Ningependa anipigie kelele. "Mficha uchi hazai, Dija," akasema taratibu. "Leo yule nesi ameweka mkono juu ya tumbo lako akuulize, nawe ukamficha. Ukanifanya na mimi nikufiche."

"Naogopa kupasuliwa." Machozi yalikuja yenyewe. "Watu wa Athman ni wakubwa. Na wewe wasema siku zote kwetu watoto ni wadogo, ni damu. Nilidhani naisaidia damu yetu ishinde."

Bibi akauinamia mkeka. Aliponyanyua macho, hakuwa akinitazama mimi.

"Nilipokuwa na mimba ya mamako," akasema, "mama mkwe wangu aliniambia maneno hayo hayo. Kula mara moja kwa siku, mtoto atoke mwepesi. Naye aliambiwa na mamake. Nikafunga mdomo. Mamako akatoka mwepesi, kweli. Alitoka kama njiwa, na kulia hakuweza kulia. Mkunga alimpiga mgongo, akamsugua, ikatoka sauti kama ya mlango. Watu wakasema ni damu. Nami nikasema ni damu, kwa sababu lilikuwa neno jepesi kubeba. Nimelibeba miaka yote hii. Leo asubuhi nimelisema tena mbele ya nesi, na kila nikilisema nakuangalia wewe ukilisikia."

"Bibi..."

"Ngoja. Huenda ni damu kweli. Mimi mwenyewe ni kijiti, waniona. Lakini kifua cha mamako, kilichokuwa kikimbana kila mvua zikija, mpaka siku ile tuliyomzika, sijui kilitoka wapi. Mungu ndiye ajuaye. Mimi sijui, na nitakufa sijui." Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, vikazunguka vikapishana. "Tumerithishana njaa, Dija. Mama kwa binti. Tukaipa jina la damu."

Akaivuta sahani ya biriani karibu nami.

"Kula."

"Naogopa."

"Utakula ukiogopa. Kuogopa hakuzuii kumeza."

Nikala. Nililia nikala, kamasi na machozi na wali, na Bibi alikaa pale pale hadi sahani ikaonyesha maua yaliyochorwa ndani yake. Kisha akainuka, akaichukua mizani yangu ya keki, akapanda juu ya kibao na umri wake ule, akaiweka juu kabisa ya kabati. "Hii ni ya unga," akasema. "Utaipata mwanao akishatoka." Na baadaye kidogo, ningali nimelala ubavuni, lilikuja teke. Dogo. Sikumwambia mtu, niliogopa kulisema likakatika.

Asubuhi yake nilirudi kwa nesi nikamwambia kweli, na Bibi akamwambia yake. Nesi hakutuaibisha. Alivuta kiti akakaa. Alisema miezi ile ya mwisho ndiyo mtoto hujijenga nyama na nguvu, na anayemnyima hamchagulii kimo, anamnyima akiba ya kuanzia dunia. Alisema kumpunguza mtoto hakumhakikishii mama kuzaa bila kisu, maana kisu kina sababu nyingi. Alisema pia nisijibebeshe yote, kwa kuwa huenda ni chakula, huenda ni kondo la nyuma halimlishi vyema, huenda kweli ni umbo la ukoo wetu, na kwamba mara nyingi mambo haya huja yamechanganyika. Nile chakula cha kawaida, cha kushiba, samaki, maharagwe, mayai, mboga, maziwa, nimeze vidonge vya kuongeza damu nilivyokuwa nimevificha chini ya mto wa kitanda. Nisile kwa kulipiza. "Na mtoto ataongezeka?" nikamuuliza. "Nataraji," akasema. "Lakini siwezi kukuahidi."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mtu kama mimi, asiyeweza kuvumilia keki ikiwa ndani ya joko bila kuchungulia, aliambiwa ale na angoje. Kila sahani iliyokuja nilijiuliza kama inafika kwake au inaishia kwangu. Kila alipotulia nililala ubavuni nikisubiri. Athman alikuja kila jioni, akapiga kichwa mlangoni, akakaa nami tukila sinia moja, akinisogezea minofu. Nilimwambia yote. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Kwani mimi ninatisha kiasi hicho?" Sikujua kama nicheke.

Picha ya pili ilionyesha amepanda. Kidogo, akasema daktari, lakini amepanda. Bibi akashukuru kwa sauti hadi watu wa kwenye foleni wakaitikia. Tuliendelea hivyo, picha baada ya picha, akipanda kwa kujivuta, mpaka uchungu uliponianza, mchana, nikiwa nimeshika bakuli la uji.

Sitakuficha mwisho wake. Walinipasua. Katikati ya uchungu mapigo ya moyo wa mtoto yalianza kuchoka, na daktari hakungoja. Nililazwa chini ya taa zile nikisema kalima, na kitu nilichokimbia kwa njaa ya miezi kilinipata, Athman akiwa nje amekaa sakafuni na bibi yangu kando yake. Hakikuniua. Kidonda kilifunga vyema, nami nikaona haya kwa nguvu zote nilizozitupa nikikikimbia.

Lakini kabla ya hayo kulikuwa na kimya. Walimtoa, nikaona miguu yake imepita juu ya shuka, na hakukuwa na sauti. Nilifikiri juu ya ile sauti kama ya mlango. Nilifikiri juu ya mamangu, na mkunga aliyemsugua mgongo. Nikasema moyoni, ya Rabi, mimi ndiye niliyekosa.

Akalia. Hakulia kama mlango. Alilia kama muuza samaki wa sokoni Marikiti aliyedhulumiwa, mpaka waliokuwa nje wakasikia, na baadaye Athman aliniambia kwamba Bibi alipoisikia sauti ile alijifunika uso kwa ukaya wake, akalia pamoja nayo kwa muda mrefu, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Alikuwa na kilo mbili na robo. Mdogo. Tulikaa naye hospitali siku kadhaa, nimemfunga kifuani ngozi kwa ngozi kumtia joto. Bi. Salma alipomwona alimpima kwa macho kwanza, nikajua anameza neno. Kisha akafunua mguu wa mtoto kwenye blanketi, akapiga kigelegele. "Tazama vidole hivi! Hivi si vya Kuze, hivi ni vya kwetu!" Bibi akamwambia, "Chukua miguu, tuachie sauti." Wakacheka mpaka nesi akawatoa. Tulimpa jina la mamangu.

Sasa huenda chuo cha Kurani na mkoba unaompita mabega. Ni mwembamba, ana mbio, na viatu vyake ni vikubwa kuliko vya wenzake wote. Akikohoa usiku hata mara moja, naamka. Sitajua kamwe ni kipi katika wembamba wake kilichotoka kwa Bibi, na ni kipi nilichokimwaga dirishani. Nimejifunza kuishi na kutojua huko, kama Bibi alivyoishi nako, ila yeye alikubeba peke yake, na mimi nimeamua kusema.

Basi mwanangu, neno langu ni hili. Kimo cha mwanao hukukichagua wala hutakichagua. Amekirithi kwa wengi, kwako na kwa mumeo, na kwa waliokwisha kulala makaburini. Wewe umepewa kumlisha tu. Ukimnyima hubadilishi ukoo wake, unamtuma safarini bila masurufu. Usile ukavimbiwa kwa sababu mkwe anataka mtoto wa kujisifia, wala usijinyime kwa sababu mtu fulani katika chumba cha hina amekutisha. Kula ushibe, chakula cha watu, na kama kinakushinda kwa kichefuchefu au kwa umaskini, sema. Ukiogopa kisu, mwambie anayekishika. Hofu iliyosemwa hutafutiwa dawa, na iliyofichwa hutafuta chakula, ikala cha mtoto. Anayekupima usimdanganye hata kwa maneno ya kweli. Na ukimsikia mzee akisema jambo ni la damu, muulize kwa heshima: ni damu, bibi, au ni desturi? Huenda amengoja miaka mingi aulizwe.

Zuhura, na wewe mwingine ambaye sikujui, Mungu akufungulie koo na moyo, akutilie baraka katika kila tonge, akujaalie ujifungue salama kwa njia yoyote aliyoipanga, na mwanao atoke na sauti. Nimepika mbaazi leo, na harufu nadhani imeshafika ghorofa ya chini. Naifunika sahani, nashuka nayo mwenyewe, na nitakaa hapo mlangoni mpaka nione maua yake. Paka wangoje mifupa.